Barua ya wazi kwa Kamishna wa Bima: tunakatwa bima tusizojua kama tunazo

Kamishna wa Bima,
Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA),
Dodoma.

Ndugu Kamishna,

YAH: BIMA ZA MAISHA, MARADHI NA KIPATO ZINAZOUZWA BILA MNUNUZI KUJUA AMENUNUA NINI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, na kwa miaka 9 sasa ni mweka hazina wa kikoba chetu cha walimu, wauguzi na akina mama wa sokoni. Nakuandikia hadharani kwa sababu nimeandika faraghani nikachoka kupigwa danadana. Barua ya kwanza niliipeleka kwa mkono kwenye tawi la benki, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili niliituma kwa kampuni ya bima. Benki ikanijibu kwa mdomo kwamba mambo ya bima niwaulize wenye bima. Kampuni ikanijibu kwa barua pepe ya mistari mitatu kwamba mteja wao ni benki, si marehemu kaka yangu aliyekopa wala si mimi. Sitaji jina la yeyote kati yao, kwa kuwa haya ninayoyaandika nimeyasikia pia kwa wanakikoba wenzangu waliokopa kwingine kabisa.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule binafsi ya sekondari. Machi 2021 alikopa Sh 15,000,000 za kumalizia nyumba, marejesho ya miezi 60, Sh 372,800 kila mwezi. Mdhamini wake nilikuwa mimi. Juni 2022 akapata kiharusi akiwa darasani. Upande wa kulia ukalala. Mkono uliokuwa ukichora duara ubaoni bila bikari ukawa haushiki hata kijiko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Oktoba haijaisha, siku zake zikawa zimeisha. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi haukuhusika, maana maradhi yale hayakutokana na kazi. Marejesho ya mkopo hayakusimama hata mwezi mmoja. Wifi aliuza pikipiki, kisha cherehani. Mimi nikalipa miezi 5, jumla Sh 1,864,000, fedha niliyokuwa nimeitenga kwa ada ya mwanangu. Kaka alifariki Septemba 2023.

Baada ya arobaini, tukitafuta karatasi za kupeleka Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi, nilifungua bahasha ya kaki aliyokuwa akiiweka chini ya godoro. Ndani mlikuwa na mkataba wa mkopo, wa Kiingereza, kurasa 11. Ukurasa wa 9 kulikuwa na jedwali dogo la makato: ada ya kushughulikia mkopo, kisha mstari mmoja wenye herufi tatu, INS, na tarakimu 270,000. Niliusoma mara tatu nikiwa nimechuchumaa pale pale. Kaka alikatwa bima ya mkopo siku ile ile fedha ilipoingia kwenye akaunti yake. Bima hiyo, kama nilivyokuja kuelezwa na afisa mikopo mwenyewe, hulipa deni lililobaki mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu. Kumbe tangu mkono wake ulipolala tulikuwa na pa kubisha hodi. Hatukubisha kwa kuwa hatukujua kama kuna mlango. Yeye aliyesaini hakujua. Angejua angeniambia, kwani kila mwisho wa mwezi alikuwa akiniomba radhi, kwa ulimi ule mzito wa kiharusi, kwa fedha niliyokuwa nikimlipia.

Nilipouliza, nikaambiwa taarifa ya ulemavu ilitakiwa kutolewa ndani ya siku 90. Siku 90 za kitu ambacho hakuna aliyetuambia kipo. Na deni lililobaki baada ya kifo "linashughulikiwa" mpaka leo ninapoandika.

Ndugu Kamishna, nimeanza na msiba wangu kwa sababu hivi ndivyo Watanzania wengi wanavyopata bima ya maisha siku hizi. Zamani ilikuwa vingine. Baba yetu, karani wa stesheni ya reli, alikuwa na bima ya maisha ya Shirika la Bima la Taifa, enzi zile ambapo shirika hilo, lililoanzishwa 1963, lilikuwa limeachiwa biashara yote ya bima tangu utaifishaji wa 1967. Wakala alikuja nyumbani, akakaribishwa chai, akaeleza, baba akauliza, mama naye akauliza. Karatasi yenye muhuri ikaingia kwenye sanduku la chuma pamoja na vyeti vya ubatizo. Shilingi ilipoporomoka miaka ya 80 fedha ile ilikuja kubaki na thamani ya magunia machache ya mahindi, na hilo halikuwa kosa la wakala. Lakini mama alijua ipo, alijua iko wapi, na baba alipofariki alijua aende ofisi gani.

Soko lilipofunguliwa kwa kampuni binafsi mwaka 1996 tulitegemea mawakala wataongezeka na maelezo yataongezeka. Mawakala wa namna ile wapo, lakini wanawafuata wenye kipato. Sisi wengine tunaingizwa kwenye bima kwa njia tatu. Ya kwanza ni mkopo: bima inakuja ndani yake kama punje ya mchanga ndani ya mchele. Ya pili ni simu: unabonyeza 1, unaanza kukatwa. Ya tatu ni kazini: mwajiri anasaini kwa niaba ya wote. Tangu zilipotoka kanuni za mwaka 2019 zinazoziruhusu benki kuwa mawakala wa bima, njia ya kwanza imepanuka sana. Silaumu kupanuka huko. Benki ziko wilayani ambako kampuni za bima hazina hata kibao, na bima ya mkopo ikifanya kazi yake inaokoa nyumba ya mjane. Tatizo langu ni kwamba katika njia zote tatu hakuna mahali ambapo mtu anakaa chini akaulizwa, "Unataka kujikinga na nini, na nani alipwe?"

Kuna maneno nayasikia kila semina: Watanzania hawana utamaduni wa bima. Karibu kikobani kwetu siku moja, Ndugu Kamishna. Jumamosi saa 9 alasiri, chini ya mwembe, sanduku lina kufuli 3 na funguo ziko kwa watu 3 tofauti. Kabla ya hisa, kila mwanachama anatoa Sh 2,000 ya mfuko wa jamii. Ukimwuliza mama yeyote pale, hata asiyejua kusoma, atakutajia: akifa mume, mke au mtoto, Sh 300,000; mzazi, Sh 200,000; ukilazwa zaidi ya siku 3, Sh 50,000; fedha inafika kabla ya mazishi. Hayo ni bima ya maisha, bima ya maradhi na kinga ya kipato kwa pamoja, na hakuna aliyewahi kushawishiwa kwa tangazo. Wanachangia kwa sababu wamemwona jirani akiletewa fedha mkononi, wageni wakiwa wamekaa kwenye mkeka. Sh 300,000 haimalizi deni la milioni 10 wala haitibu saratani. Ndiyo maana tunawahitaji ninyi na kampuni mnazozisimamia. Ila msituambie hatujui bima.

Malalamiko yetu ni haya:

1. Mkopaji hapewi cheti cha bima yake. Bima nyingi za mkopo ni za kikundi. Mwenye mkataba ni benki au taasisi ya mikopo. Mkopaji ni jina kwenye orodha inayotumwa kwa kampuni ya bima kila mwezi. Analipa yeye, analindwa yeye, ila karatasi wanabaki nayo wengine. Hajui kampuni inaitwaje, hajui ulemavu umo au haumo, hajui kuna kikomo cha umri, hajui ni ndani ya siku ngapi atoe taarifa. Akifa, mjane anategemea kwamba mkopeshaji mwenyewe atakumbuka kudai. Wapo wanaodai upesi na kwa uaminifu, nimewasikia wakisifiwa na nawashukuru. Lakini mkopeshaji mwenye mdhamini wa kukamata hana haraka ya kuisumbua kampuni ya bima. Mimi nililipa miezi 5. Ningekuwa sina mshahara, wangeanza na kiwanja.

2. Bima inakatwa upya kila mkopo unapoongezwa, na ya zamani hairudishwi. Hili ndilo linalowaumiza watumishi wengi zaidi, na silioni likisemwa. Mwenzetu mmoja, muuguzi, alikopa 2020 kwa miaka 6. Mwaka 2021 akaongeza mkopo, 2023 akaongeza tena. Kila alipoongeza, mkopo wa zamani ulilipwa na mpya ukaanza, na bima ikakatwa yote kwa mkupuo mmoja kwa muda wote wa mkopo mpya. Bima ya mkopo wa kwanza alikuwa ameilipia miaka 6 akaitumia mwaka mmoja na miezi kidogo. Miaka iliyobaki imekwenda wapi? Aliuliza, akaambiwa "mfumo haurudishi". Mfumo umetengenezwa na watu, Ndugu Kamishna, na hesabu ya miezi isiyotumika inafanyika kwenye karatasi ya daftari kwa dakika mbili. Tumeifanya pale kikobani: mtu aliyelipa Sh 240,000 kwa miezi 72 akatumia 15 amebakiza miezi 57. Hata ukikubali kwamba ulinzi wa miezi ya mwanzo ni wa gharama zaidi kwa kuwa deni bado kubwa, haiwezekani kilichobaki kikawa sifuri.

3. Mkopaji hachagui. Kampuni ameshachaguliwa, bei ameshapangiwa, na kisheria hatuna ugomvi na mkopeshaji kutaka mkopo wake uwe na kinga. Lakini asiyeweza kwenda kwingine hawezi kujua kama anatozwa bei ya haki. Waislamu miongoni mwetu hata hawaulizwi kama wangependa takaful, yaani bima inayofuata taratibu za Kiislamu. Na kama mtu tayari ana bima ya maisha ya kutosha ya kwake, kwa nini asiruhusiwe kuiweka hiyo?

Haya yamewahi kutokea kwa wakubwa. Uingereza benki ziliwauzia wakopaji bima ya kulinda marejesho, ya kuwalipia wakiumwa au wakipoteza kazi, ikiwa imefungwa ndani ya mkopo. Wengi hawakujua wanayo. Wengine walikuwa wamejiajiri, na bima ile isingewalipa kamwe. Ilipofumuka, kuanzia 2011 hadi 2019 wakopaji walirudishiwa zaidi ya pauni bilioni 38. Tume ya ushindani ya kule ikapiga marufuku kuuza bima hiyo pale pale mkopo unapotolewa. Muuzaji lazima asubiri siku 7. Sisi tunaweza kuanza na zile siku 7 bila kwanza kupitia hasara.

4. Bima za simu. Hapa nitasema habari ya mama lishe mmoja wa sokoni kwetu. Alipata ujumbe, akabonyeza 1, akawa anakatwa Sh 200 kwa siku kwa bima ya kulazwa. Alilazwa siku 4 kwa malaria kali. Alipodai akajibiwa kuwa laini haikusajiliwa kwa jina lake. Ni kweli: usajili wa alama za vidole ulipofika ukingoni Januari 2020 yeye alikuwa hana namba ya NIDA, akasajiliwa na mtoto wake, kama walivyofanya wazazi wengi. Lakini Sh 200 ilikuwa inakatwa kwenye laini hiyo hiyo kwa miezi 8 na hakuna aliyemwuliza jina. Mfumo unaojua kumkata mtu kila asubuhi ushindwe kumwuliza mara moja tu, mwanzoni, "Wewe ni nani, na tukikukosa wewe tumlipe nani?"

Kuna hatari nyingine kwenye bima za simu, ambayo wenzetu wa Zimbabwe waliiona. EcoLife, bima ya maisha iliyotolewa kupitia mtandao wa simu kule, ilifikia watu milioni 1.6 ndani ya miezi 7. Mwaka 2011 washirika walioiendesha wakagombana kuhusu malipo yao wenyewe kwa wenyewe, bima ikazimwa, na watu wale wote wakaamka hawana kitu. Mtu aliyezimiwa bima kwa ujumbe wa simu humrudishi kirahisi. Nisingependa tujifunze hilo kwa uzoefu.

5. Maradhi makubwa. Kampuni zinauza bima za saratani, moyo, figo na kiharusi, na wafanyakazi wanaanza kuzipenda, kwa kuwa kila familia sasa ina mtu aliyewahi kuchangiwa kwenye grupu la WhatsApp ili apelekwe Ocean Road au Muhimbili. Lakini maana ya neno kwenye mkataba siyo maana ya hospitalini. Mikataba mingi ya namna hii haihesabu kila kiharusi. Inataka madhara yathibitishwe baada ya muda fulani kwamba ni ya kudumu. Saratani ya hatua ya mwanzo kabisa mara nyingi haimo. Kuna miezi ya kusubiri tangu ulipojiunga. Haya si dhuluma, ndivyo bima inavyopangwa ili iweze kulipa. Ila aambiwe mnunuzi kwa Kiswahili, kabla ya kusaini, kwenye ukurasa wa mbele. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Mwanamke anayeweza kusomewa hukumu yake kwa Kiswahili asishindwe kusomewa bima yake.

6. Kinga ya kipato karibu haipo kwa wasioajiriwa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unamwangalia aliyeajiriwa aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Zile siku 126 ni za aliyeajiriwa. Dereva wa bodaboda akivunjika mguu Kihonda, jambo la kwanza linalosimama ni hesabu ya jioni kwa mwenye pikipiki, na siku ya nne nyumbani hakuna unga. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, unawaandikisha waliojiajiri, na hilo ni jema, lakini uzeeni ni mbali kwa mtu mwenye mguu kwenye plasta. Bima ya kumlipa mtu huyu hata Sh 7,000 kwa siku kwa miezi 3 ndiyo bima ambayo angeinunua kwa hiari yake. Sijaona ikitangazwa kwa nguvu wanayotangaziwa wenye magari.

Na hapo kwenye magari ndipo ninapotaka usimame nami kidogo, Ndugu Kamishna. Nikiwa stendi ya Msamvu, kabla sijapanda basi, naweza kuandika namba ya gari kwenye simu yangu, mfumo wenu ukanijibu kama bima yake iko hai au imekwisha. Mmefanya kazi kubwa, na stika za kughushi zimepata adui. Basi nauliza kwa heshima zote: kama naweza kuhakiki bima ya basi nisilolimiliki, la mtu nisiyemjua, kwa nini wifi yangu, akiwa na cheti cha ndoa na cheti cha kifo mkononi, hana mahali pa kuuliza kama mumewe alikuwa na bima?

Najua majibu yatakayokuja, maana mengine nimeshapewa.

Nitaambiwa siri za wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Naiheshimu sheria hiyo, na hatuombi daftari la kila mtu libandikwe ukutani. Tunaomba mwenye cheti cha kifo na uthibitisho wa undugu, au msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, ajibiwe maneno mawili: ipo au haipo, na kama ipo ni kampuni gani. Marekani umoja wa wasimamizi wa bima wa majimbo una huduma ya namna hiyo tangu 2016, ndugu anauliza bure na kampuni zinatafuta kwenye vitabu vyao. Kenya wana sheria ya mwaka 2011 ya fedha zisizodaiwa, inayozibana kampuni za bima kukabidhi fedha za wateja zilizokaa bila kudaiwa kwenye mamlaka maalumu, ili mwenyewe au warithi wazitafute mahali pamoja.

Nitaambiwa niende kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ofisi hiyo ina maana, na madai ya kaka tutayafikisha huko. Lakini Msuluhishi anasuluhisha ugomvi. Familia isiyojua kwamba ina bima haina ugomvi na mtu. Inauza cherehani kimya kimya na kulipa.

Nitaambiwa mkopaji alisaini. Ni kweli, kaka alisaini, sahihi yake ninaijua hata gizani. Alisaini kurasa 11 za Kiingereza akiwa amesimama kwenye dirisha, watu wakiwa nyuma yake. Yeye alikuwa msomi. Wanakikoba wangu wengine wanasaini kwa dole gumba.

Nitaambiwa pia kwamba benki ziko chini ya Benki Kuu na simu ziko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Hapo ndipo tunapopotelea, katikati ya ofisi tatu. Sheria ya Bima ya 2009 imekupa wewe kazi ya kumlinda mwenye bima, na fedha iliyokatwa kwa kaka iliitwa bima. Ndiyo maana nimeanza kwako, na wenzako wawili nimewapa nakala.

Tunachoomba:

(a) Kila anayekatwa bima ya mkopo apewe cheti chake cha ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, chenye jina la kampuni, kiasi alicholipa, mambo yanayolipiwa, yasiyolipiwa, siku za kutoa taarifa na namba ya simu ya kupiga. Nakala iende kwa mdhamini. Mkopo usitolewe kabla cheti hakijasainiwa peke yake, mbali na mkataba wa mkopo.

(b) Mkopeshaji ndiye abebe wajibu wa kudai, kwa muda uliowekwa, tangu siku anapopata taarifa ya kifo au ulemavu. Katika muda huo marejesho yasimame na mdhamini asiguswe. Na kampuni isiruhusiwe kujitetea kwa kuchelewa kwa taarifa pale ambapo mwenye bima hakuwahi kupewa cheti.

(c) Mkopo ukilipwa mapema au ukiongezwa, bima ya miezi isiyotumika irudishwe kwa kanuni iliyochapishwa, na kiasi kionekane kwenye taarifa ya mkopo mpya.

(d) Mkopaji aruhusiwe kuleta bima yake mwenyewe, ikiwamo ya takaful, na apewe angalau siku 7 za kubadili.

(e) Kwenye simu, hakuna makato kabla jina la anayelindwa na jina la mnufaika hayajaandikwa na kuthibitishwa. Huduma ikitaka kufungwa, taarifa itolewe mapema na madai yaliyopo yalipwe kwanza.

(f) Mfumo wenu wa kuhakiki stika uongezewe mlango wa bima za maisha na za mikopo, kwa utaratibu niliousema wa cheti cha kifo. Hili ndilo ninaloliomba kuliko yote. Mengine yakichelewa, hili lisichelewe.

(g) Kampuni zikija kwenu na bidhaa ya kulinda kipato cha siku cha waliojiajiri, zipeni njia ya haraka. Kikoba chetu kiko tayari kuwa mahali pa kujaribia, na tuna vitabu vya miaka 9 vya nani aliugua, siku ngapi, na alihitaji nini. Tutawaonesha bila malipo.

Tunaomba jibu la hadharani, kwa kuwa barua hii imeandikwa hadharani. Kama baadhi ya haya yameshaagizwa na hayatekelezwi, basi maagizo hayo yabandikwe kwenye kila tawi na kila wakala, mahali ambapo mtu anayesubiri mkopo anaweza kuyasoma akiwa kwenye foleni.

Nimeambatanisha nakala ya ukurasa wa 9 wa mkataba wa kaka, jina na namba ya akaunti vikiwa vimefutwa kwa kalamu nyeusi, stakabadhi zangu 5 za marejesho, na barua 2 nilizoandika kabla ya hii. Wanakikoba 31 wamesaini nyuma ya barua hii, na waliotumia dole gumba walisomewa kwanza, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sauti.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu, mweka hazina wa kikoba na mdhamini,
Morogoro.

Nakala kwa:
Gavana, Benki Kuu ya Tanzania;
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).